Jembe la Siku ya Tatu

Chini ya kitanda cha Mama Mwenye Nyumba kulikuwa na jembe, na jembe hilo halikuwa la shamba. La shamba lilikuwa Kimbiji kwa ndugu zake, huko kwenye mihogo. Hili la Temeke lilikuwa na kazi moja tu. Ukihamia kwake, siku ya kwanza alikulisha, siku ya pili alikulisha, siku ya tatu asubuhi, hata uso hujanawa, anakugongea mlango kalishika mkononi. "Mgeni siku mbili," anasema, halafu anakaa kimya. Kumalizia ni juu yako.

Methali hiyo nani asiyeijua. Wengi wetu tunaitumia kumfukuza mtu kwa adabu: umekaa sana, ya tatu hii, shika jembe au shika njia. Yeye aliichukua upande mwingine kabisa. Nyuma ya nyumba, pale maji ya bafuni yanapotokea, alikuwa na tuta la mchicha na mistari miwili mitatu ya mihogo, na hapo ndipo ulipotakiwa kulima. Hukulima sana. Jasho likianza kukutoka anakuja anakunyang'anya jembe, anasema basi, imetosha, sasa wewe si mgeni. Tangu saa hiyo unakuwa na haki zote za nyumba ile: kukalia mkeka wake, kula kiporo chake, kufokewa ukichelewa kurudi, kuulizwa mbona leo hucheki. Na mtu wa nje akikutukana, basi katutukana sote, na atafuatwa mpaka kwake.

Sie tulifika hapo tukitokea Masasi, mie na mume wangu, mwanzoni mwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Mzigo wetu ulikuwa godoro, sufuria na mimba ya mtoto wetu wa kwanza. Siku ya tatu mume wangu akalima, mie nimekaa zangu mlangoni nikijua nimesamehewa. Wapi! Akaniletea na mie. Nikamwambia, Mama, hali yangu si unaiona? Akanitazama tumbo, akasema, "Na huyo wa ndani je, si mgeni? Piga moja tu." Nikapiga moja, akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Mwanangu huyo leo mtu mzima, na kila akinijibu jeuri namkumbusha kwamba Dar es Salaam aliingilia kwenye tuta la mchicha.

Jina la mama huyu nalijua, silitaji. Sie wapangaji tulimwita Mama Mwenye Nyumba, hata wale waliokuwa rika lake, na nadhani alilipenda hilo kuliko alilopewa na wazazi. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kawaida ya uswahilini, vyumba vitatu huku, vitatu kule, ukumbi katikati, jiko na choo uani. Ukuta wa mbele ulipigwa plasta, wa nyuma udongo ulikuwa unachungulia. Marehemu mumewe ndiye aliyeijenga. Humo aliishi yeye, mwanawe wa pekee, na sie wakuja. Hilo neno lake, wakuja, alilitamka kwa namna nyingi. Kuna siku lilikuwa tusi na kuna siku ungedhani anaita wajukuu wake waje kula.

Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwendo wake wa mtu aliyeacha maziwa jikoni. Ulimi wake ndo usiseme. Kila asubuhi alikuwa ananitania: nyie watu wa Kusini, barabara hamna, reli yenu iling'olewa, lakini kila nikiamka nakuta mmeongezeka, mnapita wapi? Namjibu tunapita kwenye mlango wako, Mama, na unaufungua mwenyewe. Sokoni Tandika alibishana na muuza samaki mpaka watu wanasimama kutazama, halafu akifika nyumbani anagawa vipande chumba kwa chumba, yeye anabakiwa na kichwa. Ramadhani futari yake ilipita kila mlango, wa Mwislamu na wa Mkristo, magimbi, tambi, uji wa pilipili manga. Ukimwambia mie sifungi, anakuuliza kwani tumbo lako lina dini? Na Krismasi ikifika, yeye ndiye wa kwanza kuuliza pilau inaiva saa ngapi.

Sasa huyo mwanawe. Mtaa mzima ulimwita Braza, kwa sababu yeye mwenyewe alimwita kila mtu braza, hata wazee wa msikitini. Mama yake peke yake alimwita baba, maana alirithi jina la babu yake mzaa mama, na katika miaka yote niliyokaa pale sikumsikia akimwita mwanamume mwingine hivyo. Wengine walikuwa bwana weye, au kijana, au wewe mkuja. Baba alikuwa mmoja.

Braza alikuwa mbebaji wa mizigo kwenye maghala ya Kurasini. Zamani kazi ile ilikuwa na heshima yake, na mume wangu aliikuta mwisho mwisho. Wabebaji walikuwa na genge la watu wanaojuana, na genge lilikuwa na bei yake. Mnyapara anakuja getini asubuhi, wanaelewana, wanaingia wote au hawaingii wote. Walibeba huku wanaimba, na walikuwa na utani wao wa kuwataja wake zao kwenye nyimbo. Braza ndiye aliyemwingiza mume wangu. Hakuwa anamfahamu vyema, ila kwa kuwa keshapewa jembe na mama, ilitosha.

Halafu ruksa ikafunguka kwelikweli. Meli zikashusha kila kitu, marobota ya mitumba, mchele, sukari, majokofu, magari yaliyokwishatumika kwa wenyewe. Ungedhani wabebaji ndo wameula. Lakini mizigo ilipokuja na watu nao wakaja. Sie wa Kusini tulikuwa tayari, wakaongezeka wa Dodoma na wa Kigoma, wakaja waliokimbia vita Msumbiji, baadaye wa Burundi na wa Zaire. Kila mmoja ana sababu yake na kila mmoja ana njaa yake. Alfajiri geti la Kurasini likawa limejaa vichwa.

Mnyapara kuona vile akaacha kuelewana na genge. Akawa anapanda juu ya kreti, anataja malipo ya siku, mikono inanyooshwa. Anawatazama walivyo wengi, anauliza, "Nani anashuka?" Mnada wa kwenda chini, mwenzangu. Mwenye watoto kwenye chumba cha kupanga anashuka. Aliyefika juzi, hana ndugu, hana pa kulala, anashuka zaidi. Nyimbo zikafa zenyewe, kwa sababu huwezi kuimba na mtu aliyekushusha asubuhi. Braza alirudi jioni na hela ambayo zamani ilikuwa ya nusu siku, na siku nyingine hakurudi na kitu.

Na huku nyumbani mambo yanakwenda kinyume chake. Wale wale waliojaa getini walihitaji pa kulala, na vyumba ni vile vile. Watu wakawa wanakuja kubisha hodi wanaulizia chumba ambacho bado mtu yumo ndani. Kodi ikapanda Temeke nzima, wenye nyumba wakaanza kudai ya miezi mingi kwa mkupuo, ndoo ya maji nayo ikapanda, mkaa ukapanda. Mama Mwenye Nyumba akaanza kupokea kodi ambayo hakuwahi kuiota, akapiga plasta ukuta wa nyuma, akanunua kabati la vyombo lenye vioo. Kisha jioni anamwona mwanawe anaingia ameinamisha kichwa, na kabati linakosa maana.

Siku moja tunapepeta mchele uani, akaniambia, "Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Basi mie nimepona mguu mmoja, mwingine ndo umekatwa." Akacheka, lakini hakunitazama. Nikajua hapo kwamba hilo la wakuja limeshamuingia moyoni.

Likamuingia na likaanza kumtoka bombani, pale kwa jirani tulipochota maji. Wakuja wameharibu mji. Wakuja wanauza migongo yao bei ya dagaa. Warudi kwao. Alisema hayo na mie nimesimama nyuma yake na ndoo yangu, kisha akageuka akanisaidia kujitwisha. Nikamuuliza, Mama, na mie nirudi? Akashangaa kabisa. "Wewe umekujaje hapo? Wewe si wa nyumbani?" Ndivyo alivyokuwa. Waliolima tuta lake hawakuwa wakuja. Wakuja ni hao wengine.

Mume wangu alijaribu kumweleza. Alimwambia, Mama, mchele huu umebebwa kwa malipo ya chini, mbona dukani haujashuka bei? Hela iliyopungua kwa Braza haikwenda kwa mwenzake aliyeshuka, naye analala njaa. Imekwenda kwa mwenye ghala. Mama Mwenye Nyumba alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwenye ghala simjui sura. Hawa nawaona kila siku bombani."

Ndipo akaja Ng'ambo. Tulimwita hivyo kwa sababu alitoka ng'ambo ya Ruvuma, amekimbia vita na mke na watoto wadogo. Mie nilielewana naye kwa Kimakonde, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Chumba kilikuwa wazi, na Mama Mwenye Nyumba akamtajia kodi ya kumkatisha tamaa, akijua ataondoka. Mtu akakubali. Sijui aliipata wapi, nadhani mkewe aliuza vipuli alivyokuwa navyo masikioni. Wakaingia. Siku ya kwanza hawakupelekewa chakula, na siku ya pili hawakupelekewa. Asubuhi ya siku hiyo ya pili Ng'ambo alionekana getini Kurasini, na mnyapara alipouliza nani anashuka, mkono wake ukawa wa kwanza.

Mume wangu, kwa kutaka kumchangamsha, alikuwa amemsimulia habari za jembe. Basi siku ya tatu asubuhi nikatoka kuwasha jiko nikamkuta Ng'ambo amesimama kando ya mchicha, suruali ameikunja mpaka magotini, mikono ameiweka nyuma. Nikajua anasubiri nini. Mama Mwenye Nyumba akatoka na ndoo, akampita, akaenda bombani, akarudi, akampita tena. Siku ya nne akasimama tena. Siku ya tano hivyo hivyo. Alikuwa anachelewa geti kwa ajili ya kusimama pale, na nyumba nzima inachungulia kwenye mapazia, hakuna anayesema neno.

Aliyevunja kimya ni Braza, na katika sote yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kunyamaza. Mtu yule alikuwa anamshusha yeye. Akaingia chumbani kwa mama yake, akainama chini ya kitanda, akatoka na jembe.

"Rudisha," mama akamwambia.

"Mama, huyu mtu anasubiri."

"Asubiri. Anakula kwenye sahani yako na wewe unamchekea."

Braza akasema kwa upole, alikuwa hapandishi sauti kwa mama yake kamwe, "Na mie kesho nikiwa kwa watu?"

"Basi nenda," akasema Mama Mwenye Nyumba. "Nenda nawe ukawe mgeni wa watu, tuone kama watakupa jembe."

Sote tulisikia. Ulimi hauna mfupa, na mama aliyekasirika husema mengi ambayo Mungu hayaandiki. Braza akamkabidhi Ng'ambo jembe kwa mikono miwili. Yule bwana akalima. Akalima mchicha, akalima mihogo, akalima mpaka kwenye ukuta wa jirani, jasho linamchuruzika, kwa sababu alijua mwenye nyumba ndiye anayekuja kukunyang'anya na mwenye nyumba hakuja. Jua lilipokuwa kali Braza akaenda akamshika mkono, akasema inatosha, braza, umeshafika.

Haukupita muda mrefu genge la Braza likavunjika. Walijaribu kugoma, wakasimama nje siku kadhaa wakitazama wengine wanaingia, na baada ya hapo kila mtu akatafuta lake. Yeye goti moja lilikwishaumizwa na gunia zamani, hakuwa wa kukimbilia kreti. Siku aliyoshuka na yeye, mume wangu alimwona. Anasema alinyoosha mkono nusu, kama mwanafunzi asiye na hakika na jibu. Jioni hakula. Mama yake alimpikia kisamvu cha nazi, chakula alichokipenda kuliko vyote, kikalala.

Wakati huo vijana wa Kurasini walikuwa na neno moja, kuzamia. Unajificha kwenye meli, unaibukia kwa watu. Waliosema Ugiriki, waliosema Sauzi. Sauzi ndo kwanza mambo yamebadilika, wakawa wanasema huko kibarua cha siku moja ni mshahara wa mwezi wa hapa. Braza hakumuaga mtu. Aliamka, akachota maji akajaza pipa la mama yake mpaka juu, akaenda kazini na hakurudi. Mama Mwenye Nyumba alikwenda Kurasini kwa miguu, akauliza kila geti, na jioni mlinzi mmoja akamwambia, mama, ile meli imeshaondoka.

Alirudi akakaa kwenye mkeka. Hakulia. Alisema, "Nilimfukuza mie." Tukamwambia la, Mama, kafukuzwa na maisha. Akasema tena yale yale, akaingia ndani. Kesho yake asubuhi aligonga mlango wa Ng'ambo, mkononi ana jembe lile lile. Yule mtu alikuwa na muda mrefu pale, mwanawe mmoja keshaanza kuongea Kiswahili cha Temeke. Akapewa upya. Akapiga majembe mawili matatu na Mama Mwenye Nyumba akamnyang'anya, akasema sasa wewe si mgeni, na hapo ndipo alipolia.

Tangu hapo nikaishi na mwanamke mwingine. Maneno ya bombani yalikoma. Mtu akiyasema mbele yake, yeye anajitwisha ndoo yake anaondoka, hata haijajaa. Kodi ya wengine aliipandisha, maana naye alikuwa anakula hiyo hiyo sasa, hana mtoto wa kumletea; lakini ya Ng'ambo aliishusha mpaka siku aliyorudi kwao vita vilipokwisha. Kila mkuja aliyeingia alimuuliza swali moja: huko kwenu, mgeni anafanywaje? Akisikia mgeni anachinjiwa kuku, anafurahi kana kwamba mwanawe ndiye atakayemla kuku huyo. Akisikia habari mbaya, anasema nchi ni nyingi, haziwezi kuwa zote hivyo.

Chumba cha Braza kilikuwa cha mbele, dirisha barabarani. Mtaa ule kila dirisha la barabarani likawa duka. Wafanyabiashara walikuja, mmoja akatoa kodi ya mwaka mzima, pesa ziko kwenye mfuko wa plastiki, akazipakata mbele yake. Akamwambia kina mwenyewe. Kila Ijumaa alikifagia, akaanika godoro, akakunja shuka upya. Mie nikimwambia, Mama, pesa hizo zingekufaa, anasema siku akirudi baba akakuta kabati la mtu chumbani kwake, atajua lile neno la nenda nililimaanisha.

Miaka ikaenda. Habari aliileta kijana aliyezamia pamoja naye, alirudishwa kwa ndege na askari, viatu havina kamba. Aliingia uani na shikamoo ya chini chini, na Mama Mwenye Nyumba akajua kabla hajaketi. Akamwambia, kula kwanza. Kijana hakuweza kula. Basi akasema.

Walifika salama. Walikaa mji wa bandari, watu wengi chumba kimoja, wanalipa kodi ya kumkatisha mtu tamaa. Kila asubuhi walisimama getini kwenye maghala, na kule nako msimamizi anapanda juu, anauliza nani anashuka, kwa lugha yao. Na wao, wenye njaa, wasio na ndugu, walishuka. Wenyeji wakawaambia mnatuharibia. Wakawaambia rudini kwenu. Asubuhi moja wakaja na fimbo. Wengine walikimbia, Braza na lile goti hakufika mbali. Alikaa hospitali kidogo, akafa. Walimzika wao wenyewe, wakuja watupu, hakuna mwenyeji aliyesimama kaburini.

Kijana alipomaliza akasema kitu nadhani alikibeba njia nzima. Akasema wale watu hawakuwa majambazi, mama. Walikuwa baba za watu. Siku nyingine walitugawia sigara.

"Nawajua," akasema Mama Mwenye Nyumba. "Usinieleze. Walikuwa wanasema niliyokuwa nasema mie bombani."

Tukakaa matanga bila maiti. Akasaliwa msikitini hakuna jeneza, na watu walijaa ukumbini mpaka barabarani. Nusu yao walikuwa waliowahi kupanga pale, waliotoka kila upande, na jembe lilipita mikononi mwao wote. Mie nilikuwa nafuta machozi na kanga yangu najiuliza, katika watu wote hawa, ni nani aliyemshusha nani?

Mwaka mmoja baadaye sie tukahamia Kimara, tulipata kiwanja, tukajenga kidogo kidogo. Kimara na Temeke si mbali kwa anayetaka, lakini maisha ndo hayo, nikawa naenda Idi na Idi, kisha Idi moja. Mara ya mwisho nilipomwona ilikuwa mwishoni mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini, asubuhi, nimepita kumwamkia nikielekea kwenye msiba Mtoni. Alikuwa amepungua sana. Kanga ilimzunguka mara mbili. Shikamoo yangu akaiitikia kwa kunishika kidevu, akaniuliza mjukuu wake wa kwenye mchicha anaendeleaje.

Nikaona dirisha la mbele liko wazi. Nikashtuka, na yeye akaniona. Akasema amempa kijana mmoja wa Burundi, amefika jana jioni, watu wake wote wamekwisha. Nikamuuliza anamlipisha nini. Akanijibu kwa mkono, kama anafukuza nzi.

Halafu akaniuliza, sauti ndogo kabisa, "Mwanangu, wewe umesafiri. Unadhani mpaka anakufa, kuna mtu alimpa?"

Sikuwa na haja ya kuuliza alimpa nini. Nilitaka kumwambia ndiyo, Mama, walimpa, na neno lilinifika kwenye meno likakataa. Nikamwambia sijui. Akatikisa kichwa, akashika magoti yake, akasimama. Akaingia chumbani na akachelewa, maana kuinama chini ya kitanda kulikuwa kazi sasa. Alitoka na jembe, mpini umepauka, chuma kimeliwa kikabaki kidogo. Akagonga mlango wa mbele.

"Mama," nikasema, "si kafika jana tu? Bado siku ya tatu."

"Siku tatu nyingi, mwanangu. Siku hizi hata sisubiri. Mtu anaweza kufa hajapewa."

Kijana akatoka anapikicha macho, mwembamba, shati la mtumba limemzidi mabega. Akapokea jembe bila kuelewa, akatufuata nyuma. Nikatazama lile tuta. Hapakuwa na mchicha. Hapakuwa na muhogo wala jani la aina yoyote. Ardhi ilikuwa imelimwa na kulimwa, imekuwa unga mtupu, kwa kila mtu aliyepita mlango ule akapewa jembe kabla hata hajafungua mzigo. Kijana akasimama katikati na jembe lake. Akauliza kwa Kiswahili cha kwao, kwa adabu, alime wapi, mbona pote pameshalimwa.

"Lima hivyo hivyo, baba," akamwambia.